Vidonge vya Mama Thadeus

Mable Wakio alikuwa mwanamke wa kuogopwa, na alijua hivyo. Pale Mghange, kijiji cha mlimani alikoongoza kwaya ya kanisa, ukiimba sauti ya pili kwa uvivu, alikusimamisha mbele ya kwaya nzima akakuuliza kama umekuja kuimba au kulala. Mumewe, Mwalimu Danson, alikuwa ameifundisha nusu ya watu wa mlima ule kusoma, na nusu nyingine aliichapa mpaka ikaacha shule. Nyumba yao ilikuwa ya mabati, karibu na kanisa, na sebuleni mlikuwa na cherehani na saa ya ukutani iliyokufa zamani. Watu walimwita Mama Thadeus, kwa jina la kifungua mimba wake aliyekuwa karani Mombasa. Aibu hakuijua. Aibu ilikuwa ya watu wengine, na kazi yake yeye ilikuwa kuwagawia.

Basi ikamjia ya kwake.

Ilianza mwaka ule wa njaa, wa themanini na nne, watu walipokula mahindi ya njano ya msaada huku wakiyatukana. Mama Thadeus alikuwa amepita miaka hamsini. Siku zake za mwezi zilikuwa zimekoma, naye alishukuru, akasema huo ni mzigo umetuliwa. Kumbe! Joto likaanza. Lilitoka kifuani, likapanda shingoni, likafika usoni, na jasho likamtiririka kama mtu aliyepanda kutoka Mwatate kwa miguu na gunia kichwani. Na hapo ni Mghange, ambako ukungu huingia hadi jikoni! Mwalimu akivuta blanketi, yeye analisukuma. Mwalimu akadhani ni malaria, akamletea klorokwini. Akazimeza zote, na joto likabaki palepale.

Jumapili ya Pasaka, kanisa limejaa hadi nje na wageni wameketi mbele, kwaya ikiwa katikati ya wimbo, joto likampanda. Alijaribu kulivumilia. Likamshinda. Alikivuta kitambaa cha kichwa akakitupa chini, akafungua vifungo viwili vya blauzi, akaanza kujipepea kwa kitabu cha nyimbo, mvi zote nje. Msichana mmoja wa sauti ya kwanza akacheka puani. Kicheko kikapita mstari hadi mstari, na huko nyuma mtu akasema, tena si kwa kunong'ona, "Jamani, Mama Thadeus amepandwa na pepo!"

Alirudi nyumbani hakula. Yeye aliyewachekesha watu kwa makosa ya wenzao, leo ndiye aliyechekwa, na kwa jambo ambalo hata jina lake hakuweza kulitamka mbele ya mumewe.

Wiki iliyofuata alishuka mjini Voi kununua kitambaa cha sare za kwaya. Duka lilikuwa la Mwanamvita, mjane mwenye asili ya pwani, rika lake, aliyekuwa akienda Mombasa kila mara kuchukua leso na vitambaa. Mwanamvita alimtazama akijifuta jasho mara ya tatu, akafunga mlango wa duka nusu.

"Shoga yangu, mbona wajipepea hivyo? Yamekushika?"

Mama Thadeus akainamisha macho.

"Hayo ni maumbile, si ugonjwa," Mwanamvita akasema. "Mimi yalinishika nikawa nalala sakafuni. Kuna daktari huko Mombasa, kanipa vidonge. Homoni, asema. Kile kitu ambacho mwili umechoka kukitengeneza, wewe wakimeza. Mwezi mmoja tu, wallahi, nikarudi kuwa mtu."

"Niletee na mimi."

"Polepole, mwenzangu. Daktari alinipima presha kwanza. Akaniuliza hata mama yangu alikufa na nini. Wasema si dawa ya kila mtu. Nenda kapimwe, hapo Mwatate si pana zahanati?"

Zahanati ilikuwapo, ndiyo. Lakini aliyeketi pale na mashine ya kupimia presha alikuwa Josephat, mwanafunzi wa zamani wa Mwalimu Danson, ambaye Mama Thadeus mwenyewe aliwahi kumfulia kaptula alipojikojolea darasani. Na nesi wake alikuwa akiimba kwaya. Aende akawaambie hao kwamba mke wa mwalimu amekoma na anawaka moto? Thubutu! Hiyo ndiyo hasara ya kuolewa na mwalimu kwenye milima ile: kila mahali unapotaka kuvua nguo ukapimwe, yuko mtoto uliyemfunza adabu.

Kwa hiyo alipoonana tena na Mwanamvita alimwambia, "Nimepimwa. Presha yangu ni ya msichana." Mwanamvita akamwamini, kwa nini asimwamini? Akamletea.

Vidonge vilikuwa vidogo, vimepakwa rangi, ndani ya pakiti yenye karatasi ya Kiingereza iliyokunjwa mara nyingi. Alivificha kwenye droo ya cherehani, chini ya nyuzi, mahali ambapo mwanamume hafiki. Na vilifanya kazi, tuseme ukweli. Joto lilikwenda zake. Akalala. Akarudi mbele ya kwaya, akawasimamisha watu kama zamani.

Halafu damu ikarudi. Mwanamvita alikuwa amemwonya kwamba yaweza kutokea, lakini kuambiwa ni kitu kimoja na kuona ni kingine. Bibi wa wajukuu watatu! Alicheka peke yake chooni, na kabla hajamaliza kucheka alikuwa analia, maana alifurahi, na kule kufurahi ndiko kulikomuaibisha. Vile vitambaa alivifua kwa siri akavianika nyuma ya banda la mbuzi, mahali pasipopita mtu.

Akapita Wayua.

Wayua alikuwa mke wa Fanuel, mdogo wake Mwalimu. Fanuel alifukiwa na shimo alipokuwa akichimba mawe ya thamani kule nyikani, akamwacha Wayua bila mtoto, kwenye kijumba kilichotazamana na nyumba ya kaka yake. Alikuwa Mkamba wa upande wa Mtito Andei, na watu wa Mghange hawakuacha kumkumbusha. Fanuel alipokwisha kuzikwa, Mwalimu alipanda kabichi kwenye kishamba cha bondeni alichokuwa akilima Wayua, akisema ni ardhi ya ukoo. Wayua alisema neno moja tu, pale kwenye mfereji, mbele ya wanawake: "Hapa mtu akifa, hata kabichi inamrithi." Watu walilicheka neno hilo, wakaliweka akiba.

Siku hiyo mvua ilianza ghafla. Mama Thadeus alikumbuka vitambaa vyake, akakimbia, na kumkuta Wayua amekwisha kuvianua, amevikunja vizuri, amevifunika kwa leso yake. Mama Thadeus alivipokea haraka. Wayua hakuuliza. Hakutabasamu hata. Alisema tu, "Vimekauka, Mama Thadeus," akaenda zake. Na habari ya vitambaa hivyo haikutoka kinywani mwake kamwe, si kwenye mfereji wala si sokoni.

Mwaka wa themanini na sita, Jumamosi moja ya mazoezi ya kwaya, Mama Thadeus alisimama mbele, akainua mkono wa kulia kuanzisha wimbo. Mkono haukupanda. Akautazama. Akataka kuwaambia wangoje, mdomo ukaenda upande, na sauti iliyotoka haikuwa neno la lugha yoyote. Kwaya ikacheka. Wakadhani anamwigiza mtu, maana kuigiza watu ndiyo ilikuwa desturi yake. Walicheka mpaka alipoanguka.

Walimteremsha Voi hospitali. Kiharusi, daktari akasema. Presha ilikuwa juu sana, tena ya siku nyingi. "Anatumia dawa yoyote?" Mwalimu Danson akajibu kwa kiburi kabisa, "Mke wangu hanywi hata aspro." Mama Thadeus alisikia, akafumba macho.

Ni Mwanamvita aliyemwambia daktari, baada ya kuja kumwona mgonjwa na kuondoka analia. Daktari, kijana mpole, alimngojea Mwalimu atoke, akaketi kando ya kitanda. "Mama, nimeambiwa kuhusu vile vidonge. Sitakudanganya. Madaktari wenyewe hawajakubaliana. Kuna wanaosema vinasaidia, na kuna wanaosema vinaweza kuigandisha damu, na damu iliyoganda ikifika kichwani ndiyo mambo haya. Mimi siwezi kuapa kwamba ni vyenyewe. Lakini mtu wa presha yako nisingempa hata kimoja. Usiviguse tena." Kisha akasema, "Ni siri yako. Wa kuisema ni wewe."

Basi akarudi Mghange na siri yake, nusu ya mwili ikiwa imelala.

Aliyemuuguza ni Wayua. Hakuitwa. Alivuka tu ua asubuhi moja na sufuria ya uji, akaanza. Alimwogesha, akamgeuza, akambadilisha, akamlisha kwa kijiko upande wa mdomo uliokuwa hai na kumfuta upande uliokufa. Wahenga walisema aibu ya maiti aijuaye mwosha. Mama Thadeus hakuwa maiti, na hilo ndilo lililozidi ubaya, kwa kuwa alikuwa macho, anajua anaoshwa na nani. Maneno yake yalikuwa yamevurugika, watu wote walibaki kutikisa kichwa, mumewe pia. Wayua peke yake ndiye aliyemwelewa. "Anataka dirisha lifunguliwe," angesema, na kweli ndicho alichotaka.

Sasa sikiliza ubaya wa binadamu. Watu walianza kuuliza mbona Mkamba huyu anajipendekeza hivi. Mbona anamwelewa mgonjwa kuliko mwenye mke? Wakalitoa lile neno la kabichi kwenye akiba. Na Shangazi Mghoi, dada ya marehemu baba yake Mwalimu, mkongwe ambaye hakuna jambo la ukoo lililopita bila yeye, alikuja kuketi kitandani akasema waziwazi: "Huyu hakuugua bure. Kuna moyo wenye hasira hapa nyumbani. Wayua alinyang'anywa shamba akanyamaza. Hasira ya ndugu ikinyamaza, inaua."

Mama Thadeus alifungua mdomo. Alitaka kusema hapana. Ikatoka sauti na mate. Shangazi akamfuta akasema, "Nyamaza, mwanangu, usijisumbue."

Na akanyamaza! Hapo ndipo ulipo msiba wenyewe. Si kwamba hakuweza kabisa. Angejaribu tena, polepole, angeeleweka. Lakini alifikiria kwaya. Alifikiria kile kicheko cha Pasaka. Watasema mke wa mwalimu alikuwa anakunywa dawa za kurudisha usichana, ndiyo maana Mungu amempinda mdomo. Aligeuza uso ukutani. Kesho yake asubuhi Wayua akaja na uji kama kawaida, na Mama Thadeus akaula, akimtazama usoni. Na kesho kutwa. Wiki zikapita hivyo, uji unaingia na neno halitoki. Mficha maradhi, kifo humuumbua, husema watu, lakini huyu alikuwa anaficha maradhi yake nyuma ya mgongo wa mwenziwe.

Kikao kikaitwa siku ya Jumamosi, mchana. Thadeus alipanda kutoka Mombasa. Shangazi Mghoi aliamua mambo yafanywe kwa desturi ya wazee, kutasa: mwenye hasira moyoni anaikiri mbele ya wote, anatia kinywaji mdomoni, anakitema kwa kukinyunyiza huku akiomba heri, na hasira inatoka nacho. Zamani ilikuwa pombe ya miwa. Kwa kuwa nyumba ni ya mzee wa kanisa, walileta maji kwenye kibuyu, na Mwalimu Danson akaketi akiangalia saa yake iliyokufa, kama mtu ambaye hayupo.

"Wayua," Shangazi akasema, "hakuna anayekuchukia. Kiri, uteme, yaishe, ubaki. Ukikataa, urudi kwenu Mtito Andei, na shamba la Fanuel usilidai tena. Na usiyameze. Anayemeza maji haya amemeza hasira yake, ameamua kuishi nayo."

Wayua alisimama katikati ya sebule na leso yake kuukuu. "Kuhusu shamba niliumia, nikasema, ikaisha. Sina hasira na Mama Thadeus. Siwezi kutema kitu ambacho sina."

"Basi nani amemfanya hivi?"

Wayua akatupa jicho kwenye cherehani, mara moja tu, kisha akatazama sakafu. Mama Thadeus aliliona jicho lile. Wayua alijua! Mwanamke huyu alifagia chumba hiki kila siku. Aliviona vitambaa, bila shaka aliona na vidonge, na alikuwa tayari kufukuzwa nyumbani kwa mumewe kuliko kuifungua ile droo.

Hapo Mama Thadeus akasema. Akasema kwa nguvu zake zote, akiwa kwenye kiti chake, maneno yakigongana mdomoni: ni mimi, ni dawa nilizokunywa, mwacheni. Lakini kwao ilikuwa kelele. Wakamgeukia Wayua.

"Anasema nini?" Thadeus akauliza.

Wayua alikuwa ameelewa kila neno. Uso wake ulionyesha. Akasema, "Anasema amechoka. Arudishwe kitandani."

Lo! Kama kuna kofi liumalo kuliko hilo, Mama Thadeus hakuwahi kulipata. Mtu anayefukuzwa kwa sababu yake ndiye huyo bado anamfichia siri. Akaishika kwa mkono wa kushoto fimbo aliyoanza kujifunzia kutembea, akainuka. Thadeus akaja kumsaidia, mama yake akamsukuma kando. Alijikokota hadi kwenye cherehani, akaivuta droo mpaka ikatoka yote, nyuzi zikabingirika sakafuni. Akaiokota pakiti, akaenda kuiweka kwenye mapaja ya mumewe.

Mwalimu alivaa miwani. Akaikunjua ile karatasi ya Kiingereza, akasoma, midomo ikichezacheza. Alipofika katikati, midomo ikasimama.

"Imeandikwa nini, Baba?"

"Mambo ya hospitali," Mwalimu akasema, na uso wake ulikuwa umebadilika. Akaikunja karatasi haraka akaanza kuitia mfukoni. "Si kitu. Ni mambo ya wanawake."

Yaani naye! Mama Thadeus alimtazama mumewe, akajiona mwenyewe. Basi akakichukua kibuyu mikononi mwa Shangazi, akatia maji mdomoni. Hayakukaa. Yalimtoka upande uliokufa, yakateremka kidevuni, yakalowesha kifua chote mbele ya mwanawe na mashemeji, naye hakujifuta. Aliwaacha waangalie. Kisha akasema neno moja moja, akilisukuma kila moja kwa ulimi kama anayetoa mwiba.

"Jo-to. Li-li... nishinda. Nika-nywa... dawa. Da-mu... ikarudi... nika-furahi. Nika-danganya... nime-pimwa." Akavuta pumzi. "Wa-yua... hana... kosa. Nili-jua. Nika-nyamaza."

Safari hii walielewa wote. Hakuna aliyecheka, na afadhali wangecheka. Thadeus alitazama viatu vyake. Mwalimu alivua miwani akaishika tu. Shangazi Mghoi alikichukua tena kibuyu polepole, akampelekea Wayua kwa mikono miwili, kama anavyopewa mtu wa kuheshimiwa.

"Mwanangu, sisi ndio tumekosa. Teta nasi kidogo kama unataka, halafu unyunyize tu, uibariki nyumba. Yaishe."

Wayua akakipokea.

"Niliwaambia sina hasira," akasema, "na ilikuwa kweli. Nilidhani amesahau vile vidonge, au kichwa chake hakijui ninyi mnasema nini juu yangu. Ndiyo maana nikamfichia." Akamgeukia mgonjwa. "Kumbe ulikuwa unasikia, Mama Thadeus. Kila asubuhi nakulisha, na ulikuwa unasikia. Sasa hasira ninayo."

Akatia maji mdomoni. Sebule nzima ikamngojea. Mama Thadeus naye alimngojea, kifua kikiwa kimelowa, akiomba kwa macho. Wayua alimtazama kwa muda mrefu, mashavu yamejaa, machozi yanamtoka.

Akayameza.

"Nikitema leo nitakuwa mwongo," akasema. "Ngojeni siku itakayotoka yenyewe."

Akakiweka kibuyu mezani. Akaichukua pembe ya leso yake, akainama, akamfuta Mama Thadeus kidevu, halafu shingo, kama alivyomfuta kila siku, ila mara hii hakumtazama usoni. Kisha akaenda jikoni kwake, kwa kuwa saa ya uji ilikuwa imefika.